Namna ya Kutengeneza Springi na Usukani wa Pikapu Kuukuu

Watu wengi hudhani kuwa pikapu kuukuu inayopita njia mbaya haina haja ila kuinuliwa juu na kutiwa springi ngumu. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita, nilipokwenda kukaa kwa mjomba wangu Kisoro, kusini-magharibi ya Uganda, tukashika kazi ya kuitengeneza pikapu yake. Leo nataka kuwaeleza niliyojifunza huko. Wanaosoma fizikia watayatambua mambo mengi ya darasani, na wale ambao jamaa zao wana magari ya namna hii huenda wakapata faida zaidi.

Gari lenyewe na kazi yake

Pikapu ya mjomba ni Toyota Hilux ya dizeli, ya aina iliyotengenezwa baina ya mwaka 1988 na 1997. Huvuta kwa magurudumu yote manne. Mbele ina ekseli nzima, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na imekalia springi za majani pande zote nne. Huko Marekani pikapu za Toyota za namna hii ziliacha ekseli nzima ya mbele tangu zile za mwaka 1986, zikapewa magurudumu ya mbele ambayo kila moja hupanda na kushuka peke yake. Lakini katika Afrika na Australia ekseli nzima iliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye, kwa sababu ni imara na fundi yeyote mwenye spana na nyundo aweza kuifungua.

Kila siku pikapu hii hupanda njia za mawe meusi ya volkeno chini ya mlima Muhabura kuchukua viazi ulaya. Magunia yakitimia, hushika barabara ya lami kwenda Kabale, ikipanda na kushuka mlima wa Kanaba wenye kona nyingi na bonde refu kando. Basi ni lazima ivumilie mawe asubuhi na lami mchana. Tena yaenda na mzigo, yarudi tupu. Kwa kazi hiyo mjomba hutulipia karo mimi na dada yangu mdogo. Ikilala pikapu, nasi tunalala.

Jambo lililotutisha

Zamani kidogo bodi ya pikapu ilikuwa imelala nyuma kwa sababu springi zilikuwa zimechoka. Karakana moja ikamtilia mjomba majani mawili manene nyuma, na mbele ikaongeza jani moja na kufunga shakeli ndefu, zile pete za chuma zinazoshika ncha ya springi. Gari likainuka, na kila mtu akalisifu kwa urefu wake. Lakini tangu siku hiyo, likiwa tupu liliruka kama mbuzi, na usukani ulizunguka upana wa vidole vinne kabla magurudumu hayajaanza kugeuka.

Jioni moja tulikuwa tukishuka Kanaba, viazi vimekwisha kuuzwa. Gurudumu la mbele likaingia katika shimo dogo la lami. Shimo lilikuwa dogo kweli, lakini gari likajielekeza lenyewe upande wa bondeni, na mikono ya mjomba haikuwa imeugeuza usukani hata kidogo. Aliukamata kwa nguvu zake zote, akakanyaga breki, tukasimama hatua chache kutoka ukingoni. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mpwa wangu, gari hili limeacha kunisikia."

Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemshauri anunue springi ndefu zaidi na mipira mikubwa zaidi, akidai kuwa gari likiwa refu na pana halitatikisika tena. Fedha za kununulia vitu hivyo zilikuwapo, lakini ndizo zilizowekwa kwa karo yetu ya muhula. Kabla ya kuzitoa, mjomba alikwenda kumwuliza fundi mmoja mzee ambaye ametengeneza magari ya mizigo maisha yake yote. Mzee yule akasema, "Bwana, usimnunulie mgonjwa viatu kabla hujautazama mguu." Akaniambia nivue shati la shule nije kumsaidia.

Kwanza tafuta kilichochakaa

Hili ndilo somo la kwanza: usiongeze kitu kipya juu ya kitu kilichochakaa. Uchunguzi wake haukutugharimu senti moja, na kila mtu aweza kuufanya.

Magurudumu yakiwa chini, mtu mmoja huketi ndani na kuugeuza usukani kidogo kulia na kushoto, tena na tena. Wa pili hulala chini na kushika kwa mkono kila kiungo cha fimbo za usukani, ambavyo mafundi huviita tairodi endi. Kiungo kizima huenda pamoja na fimbo yake. Kiungo kilichokufa hucheza kwanza, ndipo fimbo ifuate, na mkono huhisi kishindo chake. Yapasa pia kutazama kasha la usukani pale lilipofungwa kwenye fremu, kama bolti zimelegea au fremu ina ufa.

Kisha inua gurudumu la mbele kwa jeki, na uweke gogo imara chini ya ekseli, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Shika mpira juu na chini, ukautikise. Ukicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Kama mchezo umekwisha, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Kama mchezo ungalipo, ubaya umo katika beringi za kingipini, yaani zile ambazo gurudumu hugeukia juu yake kulia na kushoto. Mimi nilistaajabu kuona jinsi kukanyaga breki kunavyotenganisha magonjwa mawili yanayofanana.

Katika pikapu ya mjomba tulikuta viungo viwili vya fimbo vimekufa, na kimoja niliweza kukiinua kwa vidole. Beringi za kingipini upande wa kushoto zilikuwa kavu na zenye vishimo. Bushi za mpira za springi zilikuwa zimeliwa, na bolti moja ya umbo la U, inayobana springi kwenye ekseli, ilikuwa imelegea. Ekseli inayocheza chini ya springi hujigeuza kidogo kila inapopigwa na jiwe, na gari hupotea njia bila usukani kuguswa.

Springi: unene si nguvu tu

Sasa tuje kwenye springi. Kazi yake ni kubeba mzigo, na tena kuacha magurudumu yapande na kushuka ili yasiache kushika ardhi. Springi isiyopinda haiwezi kuifanya kazi ya pili.

Hapa hesabu yatusaidia. Ukiacha urefu na upana wa jani kama ulivyo, ugumu wake hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua jani la milimita 8: mara 8, mara 8, ni 512. Chukua jani la milimita 10: mara 10, mara 10, ni 1,000. Milimita mbili tu zimeongezwa, lakini ugumu umekaribia kuwa maradufu! Ndiyo maana majani manene yaliyotiwa na karakana ile yaliifanya pikapu iruke ilipokuwa tupu. Gurudumu linaloruka haligusi ardhi, na lisilogusa ardhi haliwezi kuongoza gari wala kulisimamisha.

Fundi mzee alifanya njia nyingine. Nyuma aliweka springi mpya zenye majani ya unene wa kawaida, na chini yake jani moja nene lililonyooka, linaloitwa jani la msaada. Gari likiwa tupu, jani hilo halifanyi kazi. Mzigo ukiongezeka, springi hushuka mpaka ikalilalia, ndipo nalo hubeba. Hivyo gari ni laini likiwa tupu na gumu likiwa na magunia, kama inavyotakiwa na gari la kwenda na mzigo na kurudi bila mzigo. Mbele aliondoa lile jani la ziada na shakeli ndefu, akarudisha kimo kilichokusudiwa na waliolibuni gari.

Mambo matatu ya kufunga springi niliyaandika katika daftari langu. La kwanza, bolti za umbo la U zikishafunguliwa ni afadhali kutia mpya, maana zile za zamani zimekwisha kunyooka kwa kukazwa. La pili, bolti zinazopita katika bushi za mpira hukazwa mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira husokoteka kila wakati na kupasuka upesi. La tatu, baada ya siku chache za kazi kaza tena kila kitu, kwa kuwa majani mapya hujilaza na kuacha nafasi.

Shokomzoba

Springi ikikandamizwa hurudi, na ikiachwa peke yake itaendelea kupanda na kushuka. Shokomzoba ndiyo inayoituliza. Ndani yake mafuta hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ukiigusa baada ya safari ya njia ya mawimbi, utaona imepata moto. Mafuta yakitikiswa sana huchanganyika na hewa yakawa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Kwa sababu hiyo nyingine hutiwa gesi ya naitrojeni yenye kani, ili povu lisitokee upesi. Kwa gari la kazi hizo ndizo bora, ikiwa fedha zatosha.

Lakini angalieni urefu. Mtu akiinua gari asibadili shokomzoba, hufika mwisho wa urefu wake kabla springi haijamaliza kushuka, ikavutwa mpaka ikakatika au ikang'oa mahali iliposhikwa.

Kwa nini gari lilijigeuza lenyewe

Sasa nifike kwenye siri ya Kanaba. Katika Hilux hii, kasha la usukani limefungwa kwenye fremu. Kutoka hapo fimbo moja huenda sambamba na fremu hadi kwenye mkono wa gurudumu la upande wa dereva, na fimbo ya pili huunganisha magurudumu mawili yageuke pamoja. Dereva akizungusha usukani, fimbo ya kwanza husukuma au kuvuta.

Fikirini juu ya bikari ya jiometri. Ncha moja imesimama, ya pili yachora duara. Fimbo nayo ni hivyo hivyo: ncha moja imeshikwa na kasha juu ya fremu, na ya pili hupanda na kushuka pamoja na ekseli, ikichora sehemu ya duara. Fimbo ikiwa karibu imelala sawasawa, kupanda na kushuka hakusogezi ncha yake sana mbele wala nyuma. Lakini ikiwa imeinama, kila ekseli inapopanda, ncha husogea na kuusukuma mkono wa gurudumu, kana kwamba dereva ameugeuza usukani.

Nilifanya hesabu kwa tanjenti. Ekseli ikipanda milimita 50, na fimbo imeinama digrii 5, ncha husogea takriban milimita 4. Ikiwa imeinama digrii 20, husogea takriban milimita 18. Hesabu hii yaacha mambo mengine madogo, lakini yaonyesha ukweli: karakana ile ilipoliinua gari, iliiinamisha fimbo, na kila shimo likapewa uwezo wa kushika usukani. Mjomba hakuwa na kosa. Shimo ndilo lililoendesha gari jioni ile.

Jambo jingine ni mwegemeo wa kingipini. Mhimili ambao gurudumu hugeukia juu yake huegemezwa nyuma kidogo upande wa juu, kama uma wa mbele wa baisikeli. Ndiyo sababu baisikeli iliyo mwendoni hupenda kwenda moja kwa moja, na usukani wa gari hurudi katikati baada ya kona. Kubadili springi au shakeli huzungusha ekseli na kuuharibu mwegemeo huo. Dawa yake ni kabari ya chuma iliyochongwa vizuri, inayowekwa baina ya springi na ekseli. Mjomba hakuihitaji, kwa sababu gari lilirudishwa kwenye kimo chake.

Je, kama mtu anahitaji gari refu kweli, kwa kuvuka mito au magogo? Huko Marekani wapenzi wa pikapu hizi huondoa usukani huu wa kusukuma na kuvuta. Hutwaa kasha lenye msaada wa mafuta kutoka pikapu za Toyota za baadaye, wakalifunga mbele, na fimbo yake huvuka kutoka upande mmoja wa gari hadi gurudumu la upande wa pili. Njia hiyo hupunguza sana kujigeuza, na mikono ya dereva hupumzika. Lakini hutaka kuchomelea vyuma kwenye fremu, na pampu, na mikono mipya ya magurudumu. Si kazi ya kubahatisha chini ya mwembe. Fundi mzee alirudia neno moja mara nyingi: fimbo ya usukani haipindwi kwa moto wala haichomelewi. Ikipinda, nunua nyingine. Na kila nati yenye tundu la pini itiwe pini yake, hata kama imekazwa sana.

Kipo pia kifaa kinachofanana na shokomzoba ndogo, kinachofungwa kwenye fimbo za usukani ili kutuliza mtetemo. Ni kizuri, lakini hakiponyi ugonjwa. Magurudumu ya mbele yakianza kutetemeka vibaya kwa mwendo fulani, watu wengi hununua kifaa hiki, mtetemo ukanyamaza kwa muda, huku viungo vikiendelea kufa kimya kimya. Tafuteni kwanza kingipini, viungo na mipira isiyo na mizani.

Usisahau breki na mipira

Pikapu nyingi za namna hii zina vali ya breki nyuma, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Bodi ikishuka kwa mzigo, vali huongeza nguvu ya breki za nyuma; bodi ikiwa juu, huipunguza ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuteleza. Basi mtu akiinua nyuma ya gari bila kurekebisha fimbo hiyo, vali hudhani kuwa gari ni tupu siku zote, hata likiwa na magunia 10. Tuliirekebisha. Tulitazama pia hosi za breki kama zinavutika ekseli inaposhuka kabisa.

Na mipira mikubwa? Kipenyo kikiongezeka kwa sehemu 1 katika 10, kipimo cha mwendo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari laenda karibu 88. Breki hupata taabu zaidi, injini huchoka mlimani, na viungo vya usukani hubeba nguvu zaidi. Mjomba aliacha mipira ya kipimo cha kawaida, ila mipya na yenye nguvu ya kubeba mzigo. Mwisho tulipima kwa utepe nafasi baina ya mipira ya mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma, tukairekebisha fimbo mpaka tofauti ikawa zile milimita chache zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Magurudumu yasiyotazamana vyema hula mipira mipya upesi.

Mwisho wa habari

Kazi yote ilichukua siku 6. Tulianza na viungo, beringi na bushi, ambavyo bei yake ni ndogo. Tukafuata springi za nyuma, halafu shokomzoba. Fedha zilizotumika hazikufika nusu ya zile alizotaka yule mfanyabiashara. Dada yangu alirudi shuleni siku ya kwanza ya muhula, nami pia.

Kabla sijaondoka tulishuka Kanaba tena, gari tupu, jioni kama ile. Tulipokaribia shimo lile nilishika mlango kwa hofu. Gurudumu likaingia, likatoka, na gari likaendelea na njia yake. Mjomba hakusema neno, ila alinitazama akacheka.

Basi, wenzangu, mkirudi nyumbani na kukuta gari la mzazi linapotea njia, msikimbilie kuliinua wala kulipamba. Laleni chini yake kwanza mwone kilicholegea. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa usukani mara nyingi hukaa mahali ambapo mtu hawezi kuuona akiwa amesimama.